Ratiba ya Manchester, jua la Nairobi: uchambuzi wa kisa kimoja cha ngozi

"Habari ya kazi, daktari. Naomba kitu cha kutoa madoa, lakini kisiwe kikali. Siku hizi uso unanichoma hata nikinawa maji matupu."

Mteja huyu alinijia mapema Novemba. Ana miaka 29, anaishi Kangemi, na anafanya kazi ya uhasibu katika ofisi iliyo katikati ya jiji. Ameniruhusu nieleze kisa chake, nami nimegeuza mambo mawili matatu ili asitambulike. Mimi ni mfamasia katika duka la dawa, na wateja wote huniita daktari, nimeshaacha kuwasahihisha.

Ombi lake lilikuwa na mambo mawili yasiyokaa pamoja. Madoa hayachomi. Uso unaochoma ukiguswa na maji ni uso ambao tabaka lake la juu limeharibika, na ukiupaka dawa ya madoa ukiwa katika hali hiyo unajitafutia madoa mengine. Kwa hiyo sikumuuzia kitu. Nilimwomba asogee mlangoni kwenye mwanga nimtazame vizuri.

Pembeni mwa pua na kwenye pembe za mdomo ngozi ilikuwa inabanduka vipande vidogo. Mashavu yalikuwa yamekakamaa, yanang'aa bila kuwa na mafuta. Kwenye paji la uso, karibu na mstari wa nywele, kulikuwa na vipele vidogo vingi vya rangi ya ngozi. Halafu yale madoa yenyewe: bapa, ya kahawia iliyokolea, mashavu yote mawili, ila shavu la kushoto lilizidi waziwazi. Wekundu haukuwapo, na hapo ndipo watu wengi wenye ngozi nyeusi hupotea. Wamesoma kwamba ngozi iliyokasirika huwa nyekundu, wanajitazama kwenye kioo, hawaoni wekundu, wanaendelea kupaka. Kwenye ngozi yetu hasira hiyo huonekana kama weusi uliozidi, wakati mwingine wenye uzambarau kidogo, na mwenyewe hudhani ni doa.

Kabla ya kuuliza lolote kuhusu vipodozi niliuliza yale ambayo lazima yaondolewe kwanza. Je, amejichubua? Amepaka mkorogo wowote, au krimu ya steroidi aliyopewa na rafiki? Nairobi huwezi kulikwepa swali hilo. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki, lakini mikebe isiyo na maandishi yoyote bado inauzwa, na krimu za steroidi zilizokusudiwa kutibu ukurutu hununuliwa ili "kung'arisha" uso. Alisema hapana. Ila kwenye mkoba alikuwa na mkebe mdogo ambao mwanamke mmoja wa vipodozi alimchanganyia wiki hiyohiyo, bado hajaufungua. Aliutoa mwenyewe, akauweka kwenye kaunta. Ninaamini angekuja wiki moja baadaye kisa hiki kingekuwa kingine kabisa, na kirefu zaidi.

Ujauzito? Hapana. Swali hilo si udadisi. Dawa za jamii ya retinoli, zitokanazo na vitamini A, hazitumiwi na mjamzito. Maji? Kwenye ploti yao wanatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, yenye chumvichumvi, lakini ameyatumia miaka mitatu bila shida, na mikono na miguu yake ilikuwa salama. Kitu kilichoharibu uso peke yake lazima kiwe kimewekwa usoni peke yake.

"Ulibadilisha nini, na lini?"

Alijua jibu kwa tarehe. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba.

Ratiba ilitoka kwa binamu yake

Binamu yake anaishi Manchester. Ni mabinti wa mama wakubwa na wadogo, rangi ileile, ngozi ileile inayopauka baridi ikianza, chunusi zilezile za ujanani. Mwezi wa nane, kwenye simu ya video, mteja wangu alilalamika kwamba baridi ya Nairobi imemwacha amepauka uso mzima. Binamu akamwambia kwamba hata yeye alikuwa hivyo, mpaka alipoanza kubadilisha ratiba kila majani yanapoanza kupukutika. Akamwandikia ratiba nzima, na mtu aliyekuwa akija likizo akamletea baadhi ya chupa.

Jioni: mafuta ya kusafishia uso, kisha sabuni ya povu, kisha maji ya kupangusia yenye asidi ya glikoliki, kisha retinoli, kisha krimu nzito, na juu yake matone ya mafuta ya mbegu ili kufungia kila kitu. Asubuhi: sabuni ya povu tena na krimu ileile nzito. Na agizo moja lililokuja kama la pembeni tu. Mteja wangu alikuwa na krimu ya kukinga jua aliyoinunua Februari, ya SPF 50 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga). Binamu akamwambia, hiyo weka kando mpaka Aprili, sasa hivi inakuzibia ngozi bure.

Kabla ya hapo alikuwa anaosha uso kwa sabuni ya kipande ya kuogea, anapaka losheni ya kawaida, na Julai anahamia Arimis kama nusu ya Nairobi. Jeli hiyo ya kukamulia ng'ombe imeokoa nyuso nyingi wakati wa baridi, wala sioni aibu kusema hivyo nikiwa nyuma ya kaunta yenye krimu za bei mara kumi. Tatizo lake la Julai lilikuwa dogo: alikuwa anaoga maji ya moto sana ya shawa ya umeme asubuhi na jioni, akiuelekeza uso kwenye shawa, kisha anasugua kwa sabuni. Angepunguza moto wa maji na kuacha ile sabuni usoni, sidhani kama angehitaji ushauri wa mtu yeyote.

Binamu hakukosea

Ni rahisi kusema binamu alidanganywa na mitandao. Hapana. Ratiba yake ni nzuri na imemfaa. Ukiitazama kwa jicho la Manchester, kila hatua ina sababu.

Manchester iko karibu nyuzi 53 na nusu kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana linapanda nyuzi 28 hivi tu juu ya upeo wa macho. Siku zinafupika kwa kasi. Kipimo cha mionzi ya urujuanimno (UV), ile mionzi ya jua isiyoonekana inayodhuru ngozi, hakifiki 3, na Shirika la Afya Duniani linasema kinga inaanza kuhitajika kikifika hapo. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwaambia watu kwamba jua la kujihadhari nalo ni la kati ya Machi na Oktoba. Kwa hiyo binamu anapoweka kando SPF yake hayuko mbali na ushauri unaokubalika kwao. Ndiyo maana pia huo ndio msimu ambao wataalamu wa huko hupenda watu waanzie asidi na retinoli: ngozi inakuwa laini na dhaifu kwa wiki kadhaa, na nje hakuna jua la kuidhuru.

Sababu ya pili ni hewa. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Chukua hewa ya nje ya nyuzi 5, iliyojaa unyevu kwa asilimia 80, uiingize ndani na kuipasha mpaka nyuzi 21 kwa hita. Mvuke ni uleule, lakini sasa unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 30. Mtu analala humo, anaamkia humo, anafanya kazi humo. Ngozi inapoteza maji usiku na mchana. Krimu nzito na matone ya mafuta juu yake ni haki yake kabisa.

Kwa hiyo kwao mambo matatu hufika kwa pamoja: jua linapungua, baridi inaingia, hewa inakauka. Ratiba ya msimu huo ni furushi lililofungwa kwa ajili ya mambo hayo matatu yakiwa pamoja. Nairobi hayaji pamoja hata siku moja.

Nairobi ya Septemba na Oktoba

Huku kwetu jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: katikati ya Machi na katika wiki ya mwisho ya Septemba. Soma tena tarehe aliyoanza ratiba yake. Katikati ya Oktoba, wakati jua la Manchester limeinama nyuzi 28, la Nairobi linafika zaidi ya nyuzi 80 saa sita mchana. Ongeza mwinuko. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Mchana usio na mawingu, kipimo hicho ambacho kwa binamu hakifiki 3, huku kinapita 11, kiwango ambacho jedwali la Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupita kiasi.

Watu wa Nairobi hawaliamini jua lao kwa sababu haliwatoi jasho. Mombasa unahisi unaungua, unatafuta mwembe. Hapa kuna upepo, kivulini kuna baridi, na mtu hudhani jua ni la upole. Lakini joto na mionzi inayoathiri ngozi ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuvaa sweta na bado ukapigwa.

Na kulikuwa na tabia moja ambayo hakuwa ameitaja mpaka nilipomuuliza siku yake inapitaje. Yeye mwenyewe alilaumu jua la asubuhi, kwa sababu matatu za kutoka Kangemi kuingia mjini zinaelekea mashariki na jua linawapiga abiria wa mbele machoni. Hilo nililiondoa mapema: jua la saa moja au saa mbili asubuhi limelala, linaumiza macho lakini mionzi yake ya urujuanimno ni kidogo. Nikamuuliza kuhusu saa saba. Akacheka. Tangu Juni, yeye na wenzake wawili walikuwa wakitoka ofisini wakati wa chakula kwenda kukaa bustani ya Jeevanjee kuota jua, wakiwasikiliza wahubiri. Mwezi wa saba, ofisi ikiwa na baridi ya friji, nani asingeenda? Septemba baridi iliisha na desturi ikabaki. Kwa hiyo alikuwa anapaka asidi kila usiku, bila kinga asubuhi, kisha anaota jua la utosini karibu saa nzima kila mchana.

Asidi ya glikoliki hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi ili zitoke mapema. Inafanya kazi, na ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini huifanya ngozi iathirike zaidi na jua, kiasi kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inapendekeza bidhaa zake zibebe onyo: jikinge na jua ukiitumia, na kwa wiki moja baada ya kuiacha. Onyo hilo lilikuwa nyuma ya chupa yake, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Retinoli nayo huharakisha ngozi kujigeuza, na wiki za mwanzo huwabandua na kuwakausha wengi. Ukianza viwili hivyo usiku mmoja, kila usiku, ngozi haipati nafasi ya kujijenga. Sabuni ya povu mara mbili kwa siku ikamalizia mafuta machache yaliyobaki, yale yanayoshika seli za juu pamoja na kuzuia maji yasitoroke.

Hapo ndipo uchomaji ulipotoka, na uchomaji ndio uliozaa madoa. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa hujibu kwa rangi: chunusi ikipona inaacha doa, mbu akiuma anaacha doa, ukijikwaruza unabaki na alama miezi. Jeraha dogo la uso mzima linaacha madoa ya uso mzima. Jua likiwapo yanakolea na kudumu.

Shavu la kushoto lilikuwa na maelezo yake. Meza yake ofisini iko kando ya dirisha linalotazama mashariki, dirisha likiwa kushoto kwake. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi aina ya UVB, ile inayounguza, kwa hiyo hakuwahi kuhisi kitu. Lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA pamoja na mwanga wa kawaida wote, na kwenye ngozi nyeusi hata mwanga huu tunaouona kwa macho unaweza kukoleza madoa. Kuanzia anapoketi mpaka saa tano hivi, shavu hilo lilikuwa kazini.

Vipele vya paji la uso vilikuwa kesi ndogo ndani ya kesi. Krimu nzito na mafuta juu yake, kwenye jiji lenye joto la nyuzi 25 na zaidi, mvua za vuli zinapoanza kuleta unyevunyevu, na ndani ya matatu iliyofungwa madirisha: vinyweleo vitaziba. Lakini vilikuwa vimekaa kwenye mstari wa nywele tu, na alikuwa amesukwa wiki chache kabla. Msusi alikuwa ametumia jeli nyingi kulaza nywele za mbele, naye nyumbani akawa anapaka mafuta ya kichwa kila jioni ili kichwa kisiwashe. Nadhani vipele vile vilikuwa vya jeli na mafuta ya nywele zaidi kuliko vya krimu. Vilipungua alipoanza kufunga kitambaa usiku na kupaka mafuta kwenye mistari ya kichwa bila kuyafikisha usoni, hata kabla ngozi ya mashavu haijatulia, na hilo linaniunga mkono.

Tulichofanya

Kwanza kuacha. Asidi, retinoli, mafuta ya kusafishia, sabuni ya povu, krimu ile nzito, vyote vikarudi sandukuni. Mkebe wa mkorogo ulitupwa, na hakubishana. Alichobishania ni kuacha retinoli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya bei, na alikuwa ameambiwa kwamba kubanduka ni dalili kwamba inafanya kazi. Kubanduka kidogo kwa wiki chache, sawa. Kuchomwa na maji siyo.

Uso ukabaki na vitu vitatu. Usiku, kisafishio laini kisicho na povu jingi. Asubuhi, maji ya uvuguvugu peke yake. Losheni nyepesi isiyo na manukato, yenye gliserini na seramide (mafuta kama yale ya asili ya ngozi), ipakwe uso ukiwa bado na unyevu. Na krimu ya kukinga jua kila asubuhi. Pembeni mwa pua na mdomo, palipobanduka, utando mwembamba wa mafuta ya mgando usiku. Hakuna kitu cha bei nafuu kinachozuia maji kutoka kwenye ngozi kuyashinda hayo.

Krimu ya kukinga jua ndiyo iliyotuchukulia muda, na ninaitolea nafasi hapa kwa sababu karibu kila mteja ana pingamizi zilezile.

"Lakini daktari, si hizi ni za wazungu? Au za watu wenye ualbino?"

Sikumshangaa. Nchini mwetu wengi wameijua krimu hiyo kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, unaowapa watu wenye ualbino bila malipo, na kwao ni suala la uhai. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Utafiti wa mwaka 1979 uliopima jambo hilo ulipata kwamba ngozi nyeusi inakinga kiasi cha SPF 13 hivi, na nyeupe kiasi cha 3. Kwa hiyo sikumtisha na saratani. Kwa mtu wa rangi yake, hatari ya saratani ya ngozi itokanayo na jua ni ndogo. Nilimwambia wazi kwamba kinga hii ni ya madoa. Ukitibu madoa bila kuzuia jua, unafuta ubaoni huku mwingine anaandika.

Pingamizi la pili lilikuwa la haki: krimu aliyokuwa nayo ilimwacha na weupe wa kijivu. Hiyo ni kazi ya oksidi ya zinki na ya titani, unga mweupe unaokinga jua. Tulichagua yenye rangi ya kahawia, inayotiwa oksidi za chuma. Rangi hiyo inaondoa ule weupe, na zaidi ya hapo oksidi za chuma huzuia ule mwanga wa kawaida nilioutaja, ambao krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha. Kwa ngozi nyeusi yenye madoa, hiyo si anasa.

Pingamizi la tatu ni bei. Kichupa cha mililita 50 kinaweza kula nauli ya wiki nzima ya Kangemi na zaidi. Hapo sina dawa, isipokuwa kusema ukweli kuhusu kiasi: mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, urefu wa vidole, kwa uso na shingo. Ukipaka hivyo mara moja kwa siku, mililita 50 zitakwisha kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Kichupa chake cha Februari kilikuwa bado nusu mwezi wa Novemba. Basi hata wakati alipodhani amejikinga, SPF 50 ile haikuwa inafanya kazi ya 50. Tulikubaliana apake asubuhi kamili, na saa sita unusu aongeze kwenye mashavu na paji la uso siku anazotoka. Jeevanjee aliendelea kwenda, ila chini ya mti. Kofia aliikataa, nami sikuendelea.

Uchomaji uliisha ndani ya wiki ya kwanza. Kubanduka kulichukua karibu mbili. Kufikia mwisho wa Novemba maji, sabuni na losheni vilikuwa havimsumbui tena. Madoa yalikuwa palepale, kama nilivyokuwa nimemwonya, kwa sababu madoa ya namna hii huhesabiwa kwa miezi. Januari, uso ukiwa mzima, tuliongeza asidi ya azelaiki usiku. Jina ni asidi lakini ni mpole kuliko ile ya kwanza, inashughulikia madoa na chunusi pamoja, na ngozi nyeusi huivumilia vizuri.

Je, Nairobi mtu abadilishe ratiba kwa msimu?

Swali hili aliniuliza Januari hiyohiyo, na lilikuwa zuri kuliko la Novemba. Jibu langu ni ndiyo, lakini kidogo, na kwa kalenda ya hapa.

Kinachobadilika ni uzito wa unachopaka na ukali wa unachooshea. Juni mpaka Agosti ni baridi yenye mawingu. Hewa ya hapa haikauki kama ya kwa binamu: asubuhi ya nyuzi 12 yenye unyevu wa asilimia 90, ikifika nyuzi 21 mchana bado ina karibu nusu ya unyevu inaoweza kubeba, na nyumba nyingi hazina hita. Kinachotukausha Julai ni maji ya moto, sabuni, upepo, na ngozi yenyewe kutoa jasho na mafuta machache. Dawa yake ni kupunguza hivyo viwili vya mwanzo na kuhamia krimu nzito kidogo. Hapo Arimis au siagi ya shea mwilini ina mahali pake, na wengi hata usoni. Ukavu wa kweli wa hewa huja na joto, Januari na Februari, alasiri za vumbi. Wakati huo ngozi ya mwili inahitaji losheni zaidi, lakini ukipaka uso krimu ya Julai utaota vipele. Losheni nyepesi, mara mbili, ndiyo inayofaa. Mvua ndefu na zile fupi hazihitaji mengi; nepesi inatosha.

Kinga ya jua haina msimu hapa. Mawingu ya Julai hupunguza mionzi, hayaiondoi, na kwa kawaida jua la saa sita mchana Nairobi haliwi dhaifu kama lile la Manchester la Oktoba. Kama mtu anataka kuanza retinoli na anauliza mwezi gani, mimi husema Juni. Mawingu yanamsaidia, hatoki sana, na zile wiki za kubanduka zitaisha kabla jua halijarudi utosini Septemba.

Hivyo ndivyo alivyofanya. Juni aliitoa ile retinoli sandukuni, nikaangalia tarehe yake, ilikuwa bado nzuri. Alianza usiku mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere juu ya losheni, usiku mwingine asidi ya azelaiki, nyingine hakuna kitu. Agosti alikuwa anafika usiku mara tatu bila kuchomwa. Asidi ya glikoliki aliirudisha kwa binamu yake, aliyekuja likizo. Yeye anaendelea nayo huko kwao, na inamfaa.

Shavu la kulia limesafika. La kushoto lina madoa mawili karibu na taya ambayo yamepungua lakini hayajaondoka. Ofisini amebadilishana meza na mwenzake anayependa dirisha. Tumekubaliana kwamba yakibaki vilevile mpaka Desemba aende kliniki ya ngozi, kwa sababu yanaweza kuwa yameingia ndani zaidi ya pale krimu ya dukani inapofika, na hapo anayepaswa kuamua ni daktari wa ngozi.